Mizani ya Kuazima

Neno mizani katika Kiswahili lina kazi mbili. Muuza samaki wa Darajani huweka mizani mezani mbele ya mteja, na malenga huhesabu mizani katika mshororo wake. Wote wawili hutarajiwa kuwa waadilifu: yule asimpunje mnunuzi, huyu asiupunje utungo. Lakini mizani, iwe ya chuma au ya silabi, huwa na mwenyewe. Anayepima mali yake kwa mizani ya jirani asishangae jirani anapompangia na bei.

Hayo ndiyo yaliyoyapata mabishano juu ya muziki wa hip-hop na mpira wa kikapu wa kulipwa katika nchi hizi za Waswahili. Mahali pema pa kuyatazamia ni Morogoro, mji uliolala chini ya milima ya Uluguru, ambako vijana wanaojadili mistari ya kuchana jioni ndio haohao wanaokumbuka matokeo ya ligi ya NBA kwa majina na tarakimu. Shabiki wa Morogoro anaweza kukesha akibishana kama Michael Jordan alimzidi Kobe Bryant, au kama LeBron James amewapita wote wawili. Na kabla usiku haujaisha atakuwa amekwishahamia kwa Tupac Shakur na Notorious B.I.G., ambao mmoja aliuawa mwaka 1996 na mwingine mwaka 1997, na kutoa hukumu kana kwamba alikuwa shahidi wa maisha yao. Wapo wanaomcheka. Kumcheka ni rahisi. Lililo gumu ni kuona kwamba anayemcheka naye amesimama mbele ya mizani ileile.

Waama, pande mbili zinabishana. Upande mmoja wamekaa walinzi wa ushairi, aghalabu watu wa mwambao na visiwani, wanaosema kwamba hip-hop ni kelele iliyoletwa kutoka Marekani, haina vina wala mizani, na kwamba adabu haijapata kukaa nayo nyumba moja. Upande wa pili wamekaa mashabiki, wanaosema kwamba msanii fulani ni bora kwa kuwa anachana kama watu wa New York, na kwamba mchezaji fulani ni bure kwa kuwa Wamarekani wamemwandika katika orodha ya walioshindwa. Mlinzi anamkataa kijana kwa sababu amefanana na Mmarekani. Shabiki anampenda kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili wamemkabidhi Mmarekani cheo cha hakimu, na hakuna hata mmoja aliyefungua masikio kusikia kilichosemwa, na kwa lugha gani.

Ianzwe na hoja ya ugeni. Hapana anayebisha kwamba hip-hop ilizaliwa ugenini. Wanahistoria wake huitaja hafla ya tarehe 11 Agosti 1973 katika mtaa wa Bronx, New York, ambapo kijana mwenye asili ya Jamaika, DJ Kool Herc, alizicheza sahani za santuri kwa namna mpya. Mpira wa kikapu nao una cheti chake cha kuzaliwa: ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, huko Springfield, Massachusetts. Lakini kama ugeni ni kosa, basi mwambao una makosa mengi ya kutubia. Taarabu inayotajwa leo kuwa roho ya Zanzibar husimuliwa kwamba iliingia kwa mlango wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga qanuni. Klabu ya Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, fidla, udi na qanuni havikuwa na babu aliyezikwa Unguja. Vilikuja kwa jahazi, vikafundishwa Kiswahili, na leo mtu anayeviita vya kigeni huonekana hana akili timamu.

Morogoro yenyewe ni ushahidi mwingine. Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, na hakuona haya kuonyesha mapigo yake yalikotoka. Mji huohuo ukamlea Mbaraka Mwinshehe ndani ya Morogoro Jazz, bendi iliyobeba neno la Kimarekani katika jina lake, kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973 na kufariki Mombasa mwaka 1979, naye kwa ajali ya gari. Leo nyimbo za mabwana hao zikipigwa redioni, wazee hufuta machozi na kusema, “Huo ndio ulikuwa muziki wetu.” Kweli ulikuwa wao. Lakini haukuwa wao kwa sababu ya asili ya gitaa. Ulikuwa wao kwa sababu ya maneno, majonzi na mizaha iliyotiwa ndani ya gitaa hilo. Kwa nini basi kijana wa Morogoro aliyefanya vivyo hivyo kwa ngoma ya mashine anyimwe haki ambayo babu yake alipewa?

Hoja ya pili ni ya kanuni. Wanaoishika wana kitabu cha kuegemea: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa na Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, ambacho kiliwafunza wengi kuhesabu mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane, na kupanga vina vya kati na vya mwisho. Hakuna ubaya katika kanuni hizo. Zimezaa tungo zitakazodumu. Ubaya upo katika kuzifanya kuwa mlango pekee. Kiswahili hakikuwahi kuwa na bahari moja ya ushairi. Utenzi hubeba mizani minane kwa kipande, ukawafi hubeba mizani kumi na mitano iliyogawanywa kwa vipande vitatu, na nyimbo za ngoma hufuata mguu wa mchezaji kuliko kidole cha mhesabu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kelele zilipigwa kwamba ushairi umekufa. Haukufa. Uliongeza chumba.

Na ni uzembe wa sikio kudai kwamba hip-hop haina kipimo. Mghani wa hip-hop huhesabu kwa ngoma. Pigo hurudi kila baada ya muda uleule, na silabi zote sharti ziingie humo: aliyezidisha hupitwa na ngoma, aliyepunguza huachwa na shimo ambalo kila msikilizaji hulisikia. Mtunzi wa shairi la kimapokeo akikosea mizani, mwenye kuhesabu ndiye atakayemgundua. Mchanaji akikosea, ukumbi mzima unamgundua papo hapo. Katika vina, jambo ni la kuvutia zaidi. Neno la Kiswahili huishia kwa vokali, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kina cha kimapokeo cha silabi moja kwa hiyo huangukia penye sauti isiyo na mkazo. Wachanaji wengi hodari hawakuridhika na hilo. Hufuatanisha silabi mbili na tatu, ili kina kipige palepale penye mkazo. Hawakufundishwa darasani. Waligundua kwa mdomo. Mpenzi wa ushairi anayesikia hilo asistaajabu hata kidogo ana haja ya kuyachunguza mapenzi yake.

Tena vijana hao hawakuitupa lugha ya ufundi. Wanapoelezana kazi yao, husema vina, husema mistari, husema mitindo huru. Ni maneno ya ushairi na ya Kiswahili, yaliyobaki hai vinywani mwa watu ambao walinzi wa ushairi wanawaita wahuni. Linalosikitisha ni kwamba mwaka 2004, Afande Sele wa Morogoro, ambaye jina lake ni Selemani Msindi, aliposhinda taji la ufalme wa fani hiyo, taji lenyewe liliitwa Mfalme wa Rymes. Kiswahili kina vina, kina malenga, kina manju, kina sogora. Lakini waliotia dhahabu katika taji waliona neno la kuazima ndilo litakalong’aa. Kijana alishinda kwa Kiswahili, akavikwa Kiingereza. Hapo mashabiki nao wana la kujibu, na si walinzi peke yao.

Hoja ya tatu ni ya adabu. Inasemwa kwamba hip-hop ni matusi, majigambo na vijembe. Je, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alikuwa akitunga sala? Tungo zake za ugomvi baina ya Mombasa ya Wamazrui na Unguja ya Seyyid Said zilikuwa silaha, na malenga wa upande wa pili walijibu kwa silaha. Majigambo na kujibizana ni vya kale katika lugha hii kuliko santuri yoyote ya Bronx. Na Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa, hakupendwa na kila mtu alipoanza. Alikuwa mwanamke wa shamba, mwana wa watu wanyonge, akiimba kwa Kiswahili cha watu mambo ambayo wakubwa wangependa yanyamaziwe. Baadaye Shaaban Robert, ambaye walinzi wa ushairi humtaja kama mtu atajavyo nasaba yake, ndiye aliyekaa akaandika wasifu wake. Mshairi mkubwa hakuona unyonge kumwandika mwimbaji. Unyonge huonwa na wadogo.

Na kama ni suala la kusema yaliyonyamaziwa, hip-hop ya Kiswahili ina kitabu kizito cha kuonyesha. Professor Jay, Joseph Haule, alitoa wimbo wa Ndiyo Mzee mwanzoni mwa miaka ya 2000, akimvika mwanasiasa kinywa chake mwenyewe ili ahadi zake zimwanike. Wagosi wa Kaya wa Tanga walieleza kwa lafudhi ya kwao, bila kuionea haya, yanayompata mgonjwa anapofika hospitali na yanayoupata mji uliosahauliwa. Hiyo ni kejeli ya hali ya juu, na imetungwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mpagazi na profesa. Stamina wa Morogoro na Roma wa Tanga walipoungana kwa jina la Rostam, wakawa wanapokezana maneno kama watu wawili wanaobishana, walikuwa wakifanya nini ila ngonjera, fani ambayo Mathias Mnyampala aliikuza tangu miaka ya 1960? Tofauti ni kwamba ngonjera nyingi za shuleni zilimaliza kwa pande zote kukubaliana na serikali.

Professor Jay alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, mkoani Morogoro, akalitumikia jimbo hadi mwaka 2020. Mwaka uleule wa 2015 Afande Sele naye aligombea Morogoro Mjini, asishinde. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia siasa ya mmoja wao. Hilo ni jambo la mpiga kura. Lakini lazima akubali kwamba maneno yaliyodharauliwa kuwa kelele yaliwafanya watu wazima wasimame katika foleni wakiwa na kadi mkononi. Ni mashairi mangapi ya gazetini, yenye mizani kamili, yaliyowahi kufanya hivyo?

Sasa ni zamu ya mashabiki, na wasidhani kwamba wameponea hapo. Kosa lao linaonekana vizuri zaidi katika mpira wa kikapu, na jina lake ni Hasheem Thabeet. Kijana huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaushika mpira wa kikapu akiwa amekwishabalehe, akaenda Marekani, akakichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na tarehe 25 Juni 2009 akateuliwa wa pili kati ya vijana 60 walioteuliwa na timu za NBA mwaka ule. Aliyemchagua ni Memphis Grizzlies. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Nyuma yake katika uteuzi ule walikuwamo James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Hao wakawa wafalme. Hasheem, mwenye urefu wa mita 2.21, alipelekwa ligi ndogo katika msimu wake wa kwanza, akahama timu hadi timu, akamaliza katika NBA mwaka 2014, kisha akacheza Japani na Taiwan.

Waandishi wa michezo wa Marekani walimtia katika orodha ya makosa makubwa ya uteuzi. Hiyo ni haki yao, kwa kuwa wao walikuwa wakipima fedha ya Memphis. La ajabu ni kwamba orodha ile ilivuka bahari na kusomwa kama aya, na shabiki wa Morogoro akawa wa kwanza kumcheka. Shabiki huyo hakuwekeza hata shilingi katika Memphis. Kwa nini ahesabu hasara isiyo yake? Kwa mizani ya mwenye timu, Hasheem hakulipa kile kilichotarajiwa, na ukweli huo hauna haja ya kufichwa: mchezo wa kule ulikuwa na kasi iliyomshinda. Lakini kwa mizani ya nchi alikotoka, nchi isiyokuwa na ligi ya kulipwa ya kumkuza, ambamo kijana mrefu aliambiwa akadake magoli, yeye alicheza zaidi ya mechi 200 katika ligi ngumu kuliko zote duniani. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza ugenini, na kwao alituzwa kicheko.

Tena kicheko kile kilikuwa na faida yake kwa waliokuwa na dhamana. Maadamu mjadala ulikuwa juu ya Harden na Curry, hakuna aliyeuliza swali linalouma: baada ya mwaka 2009, viwanja vingapi vya kikapu viliongezwa katika shule za Morogoro? Ni walimu wangapi walifundishwa kufundisha mchezo huo? Ni msichana gani wa Mgeta, mwenye mikono mirefu na pumzi ya mlimani, aliyewahi kuonyeshwa kikapu? Shabiki anayejua wastani wa pointi za kila nyota wa Boston, lakini hajui ni shule ipi ya mtaani kwake yenye ubao uliovunjika, amesoma sana na hajaelimika.

Mfano wa jirani haupo mbali. Kigali ilifungua ukumbi wake mkubwa wa michezo mwaka 2019, na mwezi Mei 2021 ligi mpya ya kulipwa ya Afrika, Basketball Africa League, ikaanza humo. Msimu ule wa kwanza ndio uliokutanisha hip-hop na kikapu uso kwa uso katika ardhi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mchanaji wa Marekani, J. Cole, aliichezea Patriots ya Rwanda. Alicheza mechi 3, kisha akaondoka. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutimiza ndoto yake. Lakini itazamwe hadithi iliyosafiri: gumzo la dunia kuhusu ligi ile lilikuwa juu ya mgeni aliyekaa siku chache, si juu ya wachezaji wa Kiafrika waliokuwa wakiupata mkate wao humo. Mmoja wa wachezaji wa kulipwa wa ligi hiyo alilalamika waziwazi kwamba nafasi ile ingekuwa ya mtu mwenye kuitaabikia. Alikuwa na haki. Mashabiki wa hapa waliokuwa wakiligombania jina la J. Cole walishindwa kuona kwamba Kigali ilijenga ukumbi kwanza, kisha wageni wakaja. Wao wanasubiri wageni waje, kisha ndipo wafikirie ukumbi.

Basi hip-hop yote isifiwe? Hasha. Nyingi ni takataka: majigambo ya magari ambayo mwimbaji hajawahi kuyaendesha, matusi kwa wanawake, maneno ya Kiingereza yaliyopachikwa kama viraka kwenye kanzu mpya. Lakini takataka hizo zihukumiwe kwa mizani ambayo lugha hii imezitumia siku zote. Je, neno limekaa mahali pake? Je, kina kimetafutwa au kimeokotwa? Je, kijembe kimemfikia mwenye nguvu, au kimemwangukia mnyonge asiyeweza kujibu? Je, asikiaye amepata la kuondoka nalo? Kwa mizani hiyo mchanaji mbovu ataanguka pamoja na mshairi mbovu wa gazetini, ambaye mizani yake 16 imekamilika na ndani yake hamna kitu. Na kwa mizani hiyohiyo mchanaji hodari atakaa baraza moja na malenga, bila kuombewa ruhusa na mtu wa New York.

Yafaa basi diwani zinazokusanywa leo zifungue kurasa zake kwa tungo hizo, ziandikwe, zihaririwe na zifasiriwe kwa heshima inayopewa tungo za Muyaka. Yafaa walimu wa fasihi wa Morogoro wawaweke wanafunzi wao wausikilize utungo wa mtu wa mji wao, wauhesabu kwa ngoma na kwa mizani, wauone unapotimia na unapopwaya. Yafaa mashabiki wa kikapu wapunguze nusu ya mabishano yao ya usiku, na nusu hiyo waipeleke asubuhi katika ofisi ya mwalimu mkuu, wakiwa na saruji na kamba ya kupimia kiwanja.

Mto Ruvu hupata maji yake katika misitu ya Uluguru, ukashuka, na Dar es Salaam ikanywa. Mnywaji wa mjini akifungua bomba huona maji yametoka ukutani. Ndivyo ilivyokuwa kwa muziki wa Morogoro tangu siku za Cuban Marimba: huteremka, ukanywewa na watu wa mbali, na wanywaji wakabishana juu ya bomba. Anayetaka kujua utamu wa maji hayo aache kuuliza bomba lilitengenezwa nchi gani, apande mlima akatazame kama chemchemi ingali na msitu wa kuilinda.